Kahe au Barafu: joto kali na baridi kali, kipi kigumu kuishi nacho?

Maneno haya niliyasema Moshi, mwezi wa saba, mbele ya wapagazi, waongoza watalii, wakulima wa mpunga kutoka tambarare na majirani kadhaa waliokuja kwa kuwa waliahidiwa chai. Nimeyanyoosha kidogo ili yasomeke. Utani nimeuacha ulivyokuwa. Kwa msiopajua, Kahe ni tambarare ya mpunga yenye joto, na Barafu ni kambi ya baridi kali juu ya Mlima Kilimanjaro.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Wageni wetu kutoka Arusha, karibuni sana, na makoti mnaweza kuyavua, huku si kwenu.

Nimeanza na wenzetu wa Arusha kwa sababu wao ndio chanzo cha mada. Mji wao uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, wetu haufiki 1,000. Ni kilomita 80 za lami tu, lakini mwezi kama huu wao wanashinda na majaketi hadi saa nne asubuhi, na Februari wakija kwetu kwenye msiba wanajipepea kwa karatasi ya ratiba ya ibada. Kila upande unaona shida ya mwenzake ni deko. Waandaaji wakaona wamwite muuguzi mstaafu aamue kesi.

Hukumu naitoa mapema, ili atakayesinzia asiikose. Baridi inaua watu wengi zaidi. Lakini joto ndilo gumu zaidi kuishi nalo. Ni kauli mbili, na leo nitazitetea zote mbili.

Binadamu ni mnyama wa nchi za joto. Mvue nguo, mkalishe kivulini bila kazi, na hewa ikishuka chini ya nyuzi 27 hivi mwili wake unaanza kuhangaika kutafuta joto. Nyuzi 27! Hapa mjini siku ya namna hiyo tunaanika nguo na kusifu hali ya hewa. Kwa maana hiyo, mtu asiye na nguo wala moto wala nyumba angeshindwa na baridi mapema sana, hata bila kupanda mlima. Upande wa joto Mungu alituwekea akiba. Wanyama wanaotoka jasho kama sisi ni wachache mno. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi inaondoka na joto la kutosha kuchemsha lita saba za maji ya bomba. Hebu fikiria mama ntilie anavyohangaika na mkaa ili achemshe lita saba, halafu mwili wako unalitupa joto lote hilo kimya kimya, bila hata wewe kujua. Ila sharti ni moja, na nitalirudia baadaye: jasho likauke. Linalodondoka chini halijafanya kazi yoyote.

Kwa hiyo kwa joto tulizaliwa na kinga, na kwa baridi tulilazimika kutumia akili. Na akili imefanya kazi kubwa. Kule Siberia, Urusi, kuna mji unaitwa Yakutsk. Una watu zaidi ya 300,000. Mwezi wa kwanza wastani wake unakaribia nyuzi 40 chini ya sifuri. Huko watu wanaoa, wanazaa, watoto wanakwenda shule, wanawake wanauza samaki sokoni, na samaki hawahitaji friji. Sasa geuka uangalie Dallol, kule kwenye jangwa la Danakil nchini Ethiopia. Katika miaka ya 1960 palipimwa wastani wa mwaka mzima, usiku na mchana, nyuzi 34 na zaidi. Palikuwa na makazi kwa ajili ya madini, biashara ilipokwisha watu wakaondoka na leo ni magofu. Waafar wanakwenda huko na ngamia, wanakata chumvi, wanapakia, wanaondoka. Sisemi joto peke yake ndilo lililowafukuza. Ila linganisheni wenyewe: pabaya kwa baridi pana mji mkubwa, pabaya kwa joto pana kazi ya kwenda na kurudi.

Nije kwa wapagazi, maana wamejaza viti vya mbele.

Hesabu ya mlima ni nyepesi. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kwa nyuzi 6 na zaidi kidogo. Moshi ikiwa nyuzi 25, kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, yaani karibu mita 5,000 juu ya vichwa vyetu. Toa nyuzi 30 na ushee, umeshavuka sifuri kabla hujaweka usiku wala upepo. Wazee wa Machame waliijua hesabu hiyo bila kipimajoto. Wamisionari wa karne ya 19 waliandika walivyosimuliwa kwamba mangi, yaani mtawala wa Kichagga, mmoja aliwahi kutuma kundi la watu wakaangalie kile kitu cheupe kileleni ni nini. Alirudi mmoja, mikono na miguu imeharibika. Mmisionari Mjerumani Rebmann alipoandika mwaka 1848 kwamba ameona theluji karibu na ikweta, mabwana wa jiografia kule London walimwona anaota. Hawakuwa na haja ya kubishana naye. Wangemuuliza yule aliyerudi.

Lakini ninyi mnaobeba, jueni baridi huwakamata lini. Msuli ukifanya kazi, takribani robo tu ya nguvu ya chakula ndiyo inayogeuka kuwa kazi yenyewe. Robo tatu nyingine inabaki mwilini kama joto. Mgumu, yaani mpagazi, mwenye kilo 20 anayepandisha kutoka kambi ya Karanga kwenda Barafu anatembea na jiko lake ndani. Hatari inaanza akitua mzigo. Fulana ya pamba imelowa jasho, upepo unapiga, na maji yanapitisha joto mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Mgeni keshaingia kwenye hema lake na anapewa bisi na chai. Kijana bado anakwenda kutafuta maji. Saa sita usiku mwongozaji na wageni wanaondoka kwenda kileleni wakiwa wamejifunika hadi pua, na wanaobaki Barafu wanalala na vile walivyokuja navyo. Kwa hiyo swali la kumuuliza mpagazi haliko kwenye uzito wa mzigo peke yake. Muulize: una nguo kavu ya kubadili ukifika?

Mwenzenu akitetemeka, mwili wake bado unapigana. Aliyeacha kutetemeka na hajapata joto, ulimi umekuwa mzito, anajikwaa pasipo na jiwe, huyo mwili umeshaanza kushindwa. Wengine hufungua zipu ya jaketi wakidai wanaungua. Usibishane naye, mvue kilicholowa, mvalishe kikavu, mfunike kichwa, mlaze kati ya wenzake, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza, na mteremsheni. Pombe hapana. Nakuona unacheka, wewe. Pombe inafungua mishipa ya ngozini, unajisikia umepata moto kumbe unautoa nje ugawiwe mlima. Mbege ina kazi zake nzuri, hii si mojawapo.

Nisiwatishe kupita kiasi, kwa sababu mlimani adui mkubwa kuliko baridi ni mwinuko wenyewe. Uchunguzi mmoja wa vifo vya watalii 25 waliofia Kilimanjaro kati ya mwaka 1996 na 2003 ulikuta 14 waliuawa na ugonjwa wa mwinuko. Sikilizeni vizuri: vifo vya watalii. Wapagazi hawakuwa kwenye hesabu hiyo, na mimi nikisoma tafiti za mlima wetu hilo huwa linanikera kuliko takwimu zenyewe.

Sasa nashuka mlima, maana baridi inayoua wengi haiko Barafu. Iko mgombani, kwenye migomba ya miteremkoni, ndani ya nyumba zenu.

Mwaka 2021 watafiti walichapisha makadirio ya dunia nzima kwa miaka 2000 hadi 2019. Walikadiria kwamba kila mwaka vifo kama milioni 5 vinahusiana na hali ya hewa kuwa baridi au joto kuliko mwili unavyopenda. Katika kila vifo kumi vya aina hiyo, tisa vilikuwa vya baridi. Na ukitazama kwa idadi ya watu, kanda iliyoongoza kwa vifo vya baridi haikuwa Urusi wala Kanada. Ilikuwa Afrika kusini mwa Sahara. Sisi! Ni makadirio, na takwimu za kwetu ni chache, kwa hiyo mtafiti amejaza mapengo kwa hesabu. Lakini mimi niliyefanya kazi wodini sikushangaa.

Hawa hawagandi. Baridi ya wastani, nyuzi 12, nyuzi 14 usiku, inabana mishipa ya damu ngozini ili joto lisipotee. Mishipa ikibanwa, presha inapanda. Mzee mwenye presha ambaye vidonge vimekwisha tangu juzi anaamka saa kumi alfajiri kwenda kujisaidia, anapatwa na kiharusi. Mwingine kifua kinambana wiki nzima, kinageuka nimonia. Kwenye daftari hakuna mahali panapoandikwa baridi. Panaandikwa kiharusi, moyo, nimonia. Na uzee wenyewe unapunguza uwezo wa kuisikia baridi, ndiyo maana bibi anakwambia hajambo huku vidole vyake ni barafu.

Nyumba ya zamani ya Kichagga, ile ya nyasi hadi chini, ilikuwa na moto katikati na ng'ombe upande wa pili. Ilikuwa na moshi, ilikuwa na viroboto, na sina hamu ya kurudi huko. Lakini ilikuwa na joto. Leo watoto walioko Dar wamemjengea mama nyumba ya matofali yenye vyumba sita, vigae sakafuni, madirisha makubwa ya kioo. Nzuri sana. Ng'ombe yuko bandani, moto uko jiko la nje, na mama yuko peke yake kwenye vyumba sita. Desemba barabara ya kwenda Moshi inajaa magari, tunachinja, tunapiga picha, tunaona mama amependeza na khanga yake. Desemba kuna jua! Baridi yake inakuja Juni na Julai, wakati nyumba nzima ina sauti ya redio tu. Mnaojichangisha kwa ajili ya Krismasi, gaweni hizo nauli, mmoja wenu aje mwezi wa saba alale kwenye kile chumba usiku mmoja bila blanketi la kuja nalo. Atanunua blanketi kesho yake asubuhi.

Na wapo wanaolitafuta joto kwa njia ya kifo. Kila kipupwe katika nchi hii tunasikia habari ya familia iliyoingiza jiko la mkaa chumbani, ikafunga madirisha, ikalala, haikuamka. Gesi inayotoka kwenye mkaa inaitwa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haikoholeshi. Inaishika damu mara zaidi ya 200 kuliko hewa safi ya oksijeni inavyoishika. Hata kwenye hema la kupikia mlimani ni hivyo hivyo. Kwenye hili sina utani.

Kisha kuna mtoto mchanga. Njiti wa kilo moja na nusu anaweza kufa kwa baridi huku mkunga anatoka jasho. Ngozi yake ni nyembamba, mafuta hana, na anazaliwa akiwa amelowa. Kipimo chake kinatakiwa kiwe kati ya 36.5 na 37.5, na ukimwacha wazi kwenye meza dakika chache tu kinaporomoka. Mwaka 1978 madaktari wa Bogotá, Kolombia, walikuwa na njiti wengi kuliko vitanda vya joto, wakawafunga vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Ndiyo hii huduma ya kangaruu tunayofundisha leo. Baba pia anaweza. Wababa wa Moshi, msijifanye hamjasikia, na kifua chenye nywele kinafaa vile vile.

Basi mtaniuliza, kama baridi inaua tisa kati ya kumi, kesi imekwisha, umebakiza nini?

Nimebakiza maisha. Swali liliuliza kipi kigumu kuishi nacho. Tazameni vitu vyote nilivyotaja vinavyotibu baridi: nguo kavu, blanketi, kofia, kifua cha mama, chakula, mwenzako wa kulala naye. Blanketi la mtumba unalinunua mara moja sokoni Memorial, linadumu miaka, halina luku. Na dawa kubwa kuliko zote ni kufanya kazi. Mwenye baridi akishika jembe anapona. Watu wa mgombani asubuhi ya Julai wanaamka wanakwenda kukata majani ya ng'ombe ili wapate joto, na wakirudi ng'ombe amekula na wao wamechangamka. Baridi na kazi vinaelewana.

Joto linagombana na kazi, na wengi wetu hapa hatuna kitu kingine cha kuuza isipokuwa kazi.

Mchukueni mama wa Kahe au Mabogini anayepalilia mpunga Februari. Anainama ndani ya maji. Jua liko juu, maji yanarudisha mwanga usoni, na hewa juu ya jaruba ina unyevu. Ile robo tatu iliyomwokoa mpagazi ndiyo inayomuua huyu. Kila anavyoharakisha, ndivyo anavyojipasha. Sasa lile sharti langu la jasho: kwenye unyevu halikauki. Linatiririka mgongoni, linaingia machoni, linadondoka kwenye mpunga. Anapoteza maji na chumvi na hapati ubaridi. Kuna kipimo kinachochukua joto na unyevu kwa pamoja, kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi. Kwa muda mrefu wanasayansi walisema kipimo hicho kikifika 35 hakuna binadamu atakayedumu, hata akiwa uchi, kivulini, ana maji ya kunywa tele. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliwaweka vijana wenye afya kwenye chumba cha majaribio, wakakuta mwili unaanza kushindwa mapema zaidi, kwenye 31 hivi, na kwa kazi nyepesi tu. Hao ni vijana. Hawakuwa na mimba, hawakuwa na presha, hawakuwa wameamka saa kumi na moja na uji mwepesi.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa. Kwenye baridi unaweza kuongeza nguo hadi ufanane na godoro. Kwenye joto, ukishavua ya mwisho, umefika. Huwezi kuvua ngozi.

Mnaolipwa kwa kipande, yaani kwa kiasi cha kazi mliyomaliza, mnisikilize. Kule Nicaragua na El Salvador, wakata miwa wengi, vijana wa miaka 20 na 30, wamekufa kwa figo kushindwa kufanya kazi, hawana kisukari, hawana presha. Sababu bado zinachunguzwa, lakini kazi nzito juani bila maji ya kutosha iko mbele kwenye orodha, na malipo ya kipande yanamfanya mtu aone kupumzika ni kujiibia. Mashamba yaliyoanza kuwapa maji, kivuli na mapumziko ya lazima yaliona nafuu kwenye figo za watu. Sasa nenda kwa msimamizi wa kibarua hapa kwetu umwambie watu wapumzike saa tano hadi saa tisa. Atakuuliza umetoka chama gani.

Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba ifikapo 2030 joto litakuwa linakula saa za kazi sawa na ajira milioni 80 za kutwa nzima. Waliokaa ofisini hawataziona hizo saa. Zitatoka kwa wapiga matofali, wamachinga na bodaboda wanaoegesha chini ya kibati.

Na usiku? Mwili uliopikwa mchana unahitaji usiku ili upoe. Nyumba nyingi za tambarare ni bati tupu, hakuna dari, dirisha moja dogo kwa kuogopa wezi. Ukuta unatema joto hadi saa nane. Basi mtu anafanyaje? Anatupa chandarua. Watafiti wamewauliza watu katika nchi nyingi kwa nini hawalali ndani ya chandarua, na jibu linalojirudia ni joto. Majaruba ya mpunga yako mita chache kutoka kitandani, mbu wamejaa, na aliyekimbia joto anaamkia malaria. Daftari la zahanati litaandika malaria. Joto nalo lina ujanja ule ule wa baridi, halipendi kuandikwa jina.

Huko nje pia joto linachagua. Wakati wa Hija ya mwaka 2024 kule Makka kipimo kilifika 51.8. Walikufa zaidi ya watu 1,300, Mwenyezi Mungu awarehemu, na zaidi ya asilimia 80 ya hao ni waliokwenda bila kibali, wakatembea mbali juani bila hema wala basi la kupozea. Ufaransa, Agosti 2003, walikufa takribani watu 15,000, wengi wao wazee, wengi wakiwa peke yao kwenye vyumba vya juu huku nusu ya nchi iko likizo. Nikiisoma hiyo namwona yule mama wa vyumba sita.

Mtu ataniambia: nunua kiyoyozi. Sawa, na umeme ni wa nani? Blanketi linakulinda hata umeme ukikatika. Nikubali kwamba waliozoea kupashwa joto na mitambo nao wanaumia mitambo ikizima. Texas, Februari 2021, umeme ulikatika kwenye baridi kali na serikali ya jimbo lile ikahesabu vifo 246. Lakini kiyoyozi kina tabia nyingine mbaya. Kinatoa joto chumbani kwako kinalimwaga uchochoroni kwa jirani asiye nacho.

Mimi ningeanza na bati. Mji wa Ahmedabad, India, ulipigwa na joto Mei 2010, wakahesabu vifo zaidi ya 1,300 kuliko kawaida ya mwezi ule. Hawakuwanunulia maskini viyoyozi. Mwaka 2013 walitoa mpango: tahadhari mapema, maji ya kunywa mitaani, wahudumu wa afya kufundishwa, na baadaye mapaa ya nyumba duni kupakwa chokaa nyeupe. Chokaa! Tunapaka chokaa kwenye miti ya barabarani kiongozi akija, tunashindwa kupaka bati la darasa? Weka dari, hata ya makuti au mikeka, acha nafasi ya hewa kati yake na bati, toboa matundu juu ya ukuta na uyawekee wavu. Na miti muiache. Mnauza kihamba, shamba la ukoo, viwanja viwili viwili, mti wa kwanza kukatwa ni mringaringa, halafu mnakuja kwangu mnalalamika siku hizi Moshi imekuwa kama Same kwenye joto na ukame.

Kuhusu barafu ya Kibo, kilele cha mlima wetu, najua kuna aliyeshika swali hilo tangu nianze. Kati ya 1912 na 2007 eneo lake lilipungua kwa asilimia 85. Msikimbilie kusema imeyeyuka kwa joto. Wataalamu wengi wanasema ukame una sehemu kubwa, theluji mpya haiji ya kutosha. Tuiache siku nyingine, tukianza hapo hatutoki.

Nilibakiza jambo moja ambalo sitaki mlisome, nataka mlione. Mtu amefanya kazi juani, ghafla anaongea maneno yasiyoeleweka, anagombana na watu, au anaanguka. Ngozi inaunguza, iwe kavu au imelowa jasho. Huyo joto la ndani limepita 40, na ubongo unapikwa. Kosa tunalolifanya ni kumpakia haraka kwenye bodaboda, katikati ya watu wawili, tumpeleke hospitali dakika arobaini. Anafika amechelewa. Anapozwa kwanza, pale pale alipoangukia. Kivulini, vua nguo, aibu baadaye. Maji mwili mzima, ya mfereji wa mpunga yanafaa kama hakuna mengine, na watu wawili wampepee bila kuacha, kwa khanga, kwa kipande cha boksi, kwa chochote. Ukipata barafu, weka shingoni, kwapani na kwenye kinena. Kama hajitambui, usimnyweshe kitu. Usafiri uitwe wakati anamwagiwa, na akipakiwa aendelee kumwagiwa njiani.

Naomba kijana mmoja mwenye mwili aje alale hapa mbele, na ile ndoo iliyoko mlangoni iletwe. Wewe wa shati la bluu, vua viatu. Simu toa mfukoni kwanza.